Herufi Tatu Kabla ya Kipyenga

Kombe la Taifa lina historia mbili. Moja iko midomoni mwa wakubwa wa chama cha mpira, wanaoisoma kwenye hotuba kila mwaka mpaka wageni wa heshima wanasinzia. Nyingine imechorwa kwenye tumbo la kombe lenyewe, jina chini ya jina, na mtu aliyeijua hiyo kwa ncha za vidole alikuwa Sonara. Bila shaka wazazi wake walimpa jina, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka. Hata mkewe alimwita Sonara alipokuwa na hasira naye, na Baba Gundi hasira zilipokwisha.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kiwanda cha saruji. Vumbi la kijivu lilitua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sufuria, juu ya nywele, hata vijana wa mtaa ule walionekana wazee mpaka waoge. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: meza yenye makovu ya moto, taa ya kuvuta, fuawe ndogo iliyopigiliwa juu ya gogo, na nyundo zilizopangwa kwa ukubwa. Hapo Sonara aliunga hereni zilizokatika, akapanua pete za wanawake waliozaa wakanenepa, akachora majina ndani ya pete za ndoa. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye mzaha mkavu. Bwana harusi akimharakisha humwambia, "Kijana, kama huwezi kumsubiri sonara, mke utamwezaje?"

Mara moja kwa mwaka chama cha mpira kilimtumia gari. Siku ya fainali alifungiwa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi za jukwaa, yeye na kombe, ili kipyenga cha mwisho kikilia achore jina la bingwa pale pale na kombe likabidhiwe likiwa tayari. Kazi hiyo aliirithi kwa mjomba wake, aliyemlea na kumfunza ufundi. Mjomba ndiye aliyechora jina la kwanza kabisa, Reli, kwa herufi zenye mikia mirefu, enzi ambazo wachezaji walivaa viatu vya kazini na refa alikuja kwa baiskeli. Chini yake palikuwa na Posta, na jina hilo lilikuwa jembamba, limechorwa shingo upande. Mwaka huo fainali ilirudiwa tena na tena bila mshindi, mwisho manahodha wakaitwa katikati ya uwanja, sarafu ikarushwa, na mjomba hakukubali mpaka anaingia kaburini kwamba sarafu inajua mpira. Kisha lilifuata pengo, fedha tupu isiyo na neno, la miaka ya njaa ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu za kukimbia. Baada ya pengo, Jeshi, Jeshi, Jeshi. Nani atamkaba mwenye bunduki? Wakaja Magereza, ambao wengi wa mashabiki wao walishindwa kufika uwanjani kwa sababu zinazoeleweka. Halafu Forodha wakaingia, na hawakutoka tena. Sonara angeweza kulichora jina lao amefumba macho, na kusema kweli alikuwa amelichoka.

Hata hivyo watu wa mtaa ule walilipenda Kombe kuliko ligi. Ligi ni ya matajiri. Tajiri akianguka leo, atainuka kesho na kujumlisha pointi zake. Kombe ni mtoano. Ukifungwa unafunga virago jioni hiyo hiyo, uwe Forodha, uwe timu ya wauza mkaa. Kila mwaka Saruji, timu ya kiwanda, iliingia kwenye Kombe na matumaini ya mtu anayeposa binti wa tajiri, na kila mwaka ilirudishwa nyumbani mapema. Mzee mmoja wa kwenye tanuri alikuwa akisema anaomba kitu kimoja tu kabla hajafa, Saruji ifike hata robo fainali. Alikufa bila kuiona.

Mjomba alimwachia Sonara vifaa vyake, na kanuni moja. "Chuma hakina raba ya kufutia," alimwambia. "Penseli ruksa. Nta ruksa. Lakini tindo isiguse fedha mpaka refa amalize kazi yake. Anayemaliza mpira ni refa, wewe ni mwandishi tu." Miaka yote Sonara aliishika kanuni hiyo. Viongozi walikuja kugonga mlango wakimtaka aanze mapema, televisheni inasubiri. Aliwajibu kwamba televisheni haijui kuchora.

Sasa Sonara alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo alikuwa kipa. Mtaa mzima ulimwita Gundi kwa sababu mpira ukimfikia haubanduki. Alikuwa na mikono mikubwa tangu mdogo, mama yake alikuwa akimtania kwamba aliizaa mikono kwanza, mtoto akafuata baadaye. Alikulia kwenye karakana akidaka vipande vya chuma alivyorushiwa na baba yake, "shika hii, shika ile," na hakuangusha. Alipoanza kudakia Saruji, Sonara alifunga kibanda kila siku ya mechi. Alikaa upande wa nyuma ya goli, kimya, mikono mapajani, na kila krosi ikija vidole vyake vilijikunja pamoja na vya mwanawe.

Mwaka ule mambo yalikwenda kinyume na desturi. Saruji waliwatoa Jeshi. Wakawatoa Chuo cha Ualimu. Nusu fainali waliwatoa Posta kwa mikwaju ya penalti, Gundi akapangua miwili, na wanaume wazima wenye wajukuu walionekana wakilia kwenye lango la kiwanda huku machozi yakichora mifereji kwenye vumbi la nyuso zao. Saruji walikuwa wamefika fainali. Wangecheza na Forodha, na nani mwingine?

"Chama kitakuruhusu kweli?" mkewe alimwuliza. "Mwanao yuko uwanjani, na wewe ndiye mwandishi."

"Mwandishi hapigi mpira," alisema Sonara. Lakini siku ile alinyoa ndevu mara mbili, na kwenye begi la vifaa alitia shati jipya, lile jeupe, lililonyooshwa na kukunjwa. Mkewe aliliona. Alijua. Katika miaka yote ya kulichora kombe, Sonara hakuwahi kuliona likinyanyuliwa. Alipomaliza kuchora, katibu wa chama hulinyakua na kukimbia nalo, na yeye hubaki chini ya ngazi akifuta vifaa, akisikia shangwe kwa juu. Safari hii alitaka awe nje. Alitaka amwone mtoto wake akilinyanyua, na awe amevaa vizuri.

Chumba cha chini ya ngazi kilinuka chokaa ya kuchorea mistari. Palikuwa na meza, balbu moja, na mto wa ngozi uliojazwa mchanga ambao kombe lililazwa juu yake lisitikisike. Mlangoni alikaa askari mwenye redio ndogo sikioni. Mashabiki wa Saruji walikuwa wamekaa juu kabisa ya chumba, na hivyo ndivyo Sonara alivyoufuata mchezo: wakifurahi, vumbi linamwagika kutoka darini. Kipindi cha pili kikiwa kimechanganya, lilimwagika vumbi la kutosha kumpofusha mtu, na askari akaingiza kichwa akicheka, "Mzee, Saruji wamepata moja!"

Sonara alilifunika kombe kwa koti lake. Muda ulikwenda. Askari alikuwa akimpa habari: Gundi kadaka, Gundi kapangua, Gundi anawapanga mabeki wake kama baba yao. Ngazi za juu zikaanza kugongwa kwa miguu kwa mpigo mmoja.

"Bado sana?" aliuliza Sonara.

"Bado nini, mzee? Hizi ni dakika za majeruhi. Forodha wameshaanza kutukanana wenyewe kwa wenyewe. Mpira anao mwanao, anapoteza muda tu."

Basi hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Sonara alifanya hesabu ya fundi. Kuchora jina kwa utulivu kunachukua muda. Akianza kipyenga kikilia, katibu atamsimamia kichwani, atamaliza, kombe litakimbizwa, na yeye atakuwa bado anabadilisha shati. Akianza sasa, atamaliza pamoja na refa, atatoka na kombe mwenyewe. Tena alijijua. Kipyenga kikilia atalia, na mwenye machozi hachori. Aliondoa koti juu ya kombe, akachukua tindo, akainama, akakata herufi ya kwanza. Fedha ilitoka kwa unyoya mwembamba uliojikunja. Akakata ya pili. Zilikuwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kukata, ninyi mngeziona mngesema hivyo. Alikuwa amemaliza R, ameinua tindo, wakati ngazi za juu ziliponyamaza.

Kelele ilikuja kutoka mbali, upande wa pili wa uwanja. Darini hapakumwagika hata chembe ya vumbi.

Aliposimuliwa baadaye hakuhitaji kusimuliwa sana, kwa sababu televisheni ililirudia tukio lile mpaka watoto wa shule wakaliigiza. Mkongwe mmoja wa Forodha, amechoka, hana la kufanya, alipiga mpira kutoka mbali. Ulikuwa mpira wa kitoto. Gundi aliusubiri, akaupokea kifuani, akaukumbatia, akainua macho kumtazama refa, na mpira ukateleza katikati ya mikono yake, ukaanguka, ukavuka mstari polepole kama mgeni anayebisha hodi. Refa akapuliza kipyenga. Sasa ni bao moja kwa bao moja.

Ukaja muda wa ziada, ikaja mikwaju ya penalti, na Sonara hakuwa na habari navyo. Alikuwa akifuta. Alikwangua, akasugua kwa chuma laini, akasukuma fedha kwa ndani, akasugua tena, jasho likidondoka juu ya kombe. Huko nje mwanawe alikuwa peke yake golini, na yeye huku ndani alikuwa akiifuta timu ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Katibu alipoingia mbio akipiga kelele "Forodha! Andika Forodha!" fedha ilikuwa safi. Hakuna jicho ambalo lingejua. Sonara alilichora jina lile kama kawaida, katibu akalichukua kombe, na shati jeupe likarudi nyumbani likiwa bado limekunjwa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema hivyo wale ambao hawajashindwa. Mtaa wa saruji haukukubali. Ungefungwa kwa bao la kiume, watu wangevua kofia. Lakini kufungwa na mpira ambao bibi kikongwe angeudaka kwa kitenge! Mashabiki walipaka mikono mafuta ya kupikia, wakapita mbele ya nyumba wakiinyanyua juu, inang'aa. Mtu alimwaga gundi ya kiatu mlangoni. Watu wazima, waliokula wali wa mama yule wakati wa misiba yao, walipita bila salamu. Mimi huwa nasema mpira unawatoa watu utu, na nikiambiwa nimezidisha nautaja mtaa ule.

Gundi alijifungia. Hakula. Mama yake aliweka sahani mlangoni, akaja kuiondoa ilivyo, akaweka nyingine. Alijaribu maneno yote ambayo mama anayo. Majirani wachache wenye huruma walikuja na methali zao, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wakaondoka wakiridhika na nafsi zao.

Asubuhi moja Sonara alisikia mtu karakanani. Alidhani ni mteja. Alimkuta mwanawe amepiga magoti mbele ya fuawe. Mkono wa kushoto ulikuwa umelazwa juu yake, vidole vimetandazwa, na wa kulia ulikuwa umeshika nyundo kubwa kuliko zote.

"Weka chini," alisema Sonara.

"Siitaki, baba."

"Weka nyundo chini, mwanangu."

"Siitaki hii mikono. Nikifumba macho nauona mpira. Nikiyafumbua naiona mikono. Nakula nayo vipi? Namwamkia mtu nayo vipi?" Alizungumza bila kulia, na hilo ndilo lililomtisha mzee. "Nimeudaka, baba. Nilikuwa nao. Kwa nini uliniponyoka? Niambie. Lazima kuna sababu. Kama hakuna sababu basi sababu ni mimi."

Mama yake alikuja kwa nyuma, akamkumbatia mkono wa nyundo kwa mwili wake wote, na wote wawili wakaanguka sakafuni. Nyundo ilibingirika chini ya meza. Walimrudisha chumbani, na mama akakaa mlangoni kama mlinzi. Sonara alikusanya nyundo zote akazifungia kabatini. Kisha alisimama katikati ya karakana yake, na maneno ya mtoto yakawa yanamzunguka. Lazima kuna sababu.

Yeye alikuwa nayo moja.

Alivaa kofia, akaenda kwa kinyozi.

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kukaa na neno. Ukitaka habari isifike popote, mpe tarishi. Ukitaka ifike, mnong'oneze kinyozi na umwapishe asimwambie mtu. Sonara alikaa kwenye kiti, akafungwa kitambaa shingoni, na akanyolewa upande mmoja.

"Pole, mzee," alisema kinyozi. "Kijana anaendeleaje?"

"Kijana hana kosa."

"Ni kweli, mpira ni mchezo tu..."

"Sikiliza. Kijana hana kosa, kosa ni langu." Sonara alimtazama kwenye kioo. "Nilianza kuandika kabla ya kipyenga."

Wembe ulisimama hewani. "Uliandika nini?"

"Saruji. Nilikuwa nimefika herufi ya tatu, ndipo mpira ukamtoka. Wakati ule ule, kinyozi. Nimeinua tindo, na mpira ukamtoka."

"Mungu wangu. Mzee, uliwachuria!"

"Niliwachuria."

"Mtoto hajazaliwa, wewe unakata kanzu! Na mtu mwenye kazi yake! Na ni mwanao wa kumzaa!" Kinyozi alikuwa tayari amegeuza macho kuelekea mlangoni, kuangalia nani anapita.

"Hii ni siri yangu na yako," alisema Sonara.

"Mimi ni kaburi, mzee."

Kaburi hilo lilimwacha akiwa amenyolewa nusu. Sonara hajafika kwake, habari ilikuwa imefika kiwandani. Zamu ya mchana iliingia kazini ikiwa nayo, zamu ya asubuhi ilitoka nayo. Mikono yenye mafuta ilitoweka mtaani siku hiyo hiyo. Kumbe si kijana, ni mzee! Kumbe mtoto wa watu alikuwa ameudaka, ila jina lilikuwa limeshaandikwa! Wazee walikumbuka visa vya watu waliohesabu vifaranga mayai yakiwa bado chini ya kuku. Askari wa mlangoni alipoulizwa alisema kweli, mzee alimwuliza muda uliobaki. Hilo likatosha. Watu walihitaji nuksi, na nuksi haina haja ya ushahidi mwingi.

Mkewe alimsubiri jikoni.

"Sonara," alisema, na alipomwita hivyo mumewe alijua amekasirika. "Tangu lini wewe unaamini kuchuria?"

"Siamini. Mpira haujui kusoma."

"Sasa kwa nini umejitangaza?"

"Wao wanaamini. Na yeye anahitaji kuamini. Ulimsikia. Amesema kama hakuna sababu basi sababu ni yeye." Alikaa kwenye kigoda. "Nimempa sababu."

"Atakuchukia."

"Afadhali anichukie mimi kuliko mikono yake."

Mama alifunika uso kwa ncha ya kanga. Alikuwa mwanamke asiyeweza kusema uongo hata kwa mgeni anayeuliza kama chai ina sukari ya kutosha, na sasa mumewe alikuwa akimwomba anyamaze maisha yake yote. Alimwapisha. Asimwambie kijana, hata yeye Sonara akitangulia. Mkewe alikubali akilia, akasema dhambi hiyo wataibeba wawili.

Mlango wa chumba ulifunguka. Mtu alikuwa amemwita Gundi dirishani akamweleza habari za kwa kinyozi.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Kweli," alisema Sonara.

"Uliandika kabla ya kipyenga."

"Herufi tatu."

"Wewe? Wewe uliyenifundisha kwamba chuma hakina raba?" Sauti ilimpanda, na ilikuwa sauti ya mtu mzima, yenye nguvu. "Nilikuwa nao, baba! Nilikuwa nao kifuani! Nilijua! Niliwaambia watu nilikuwa nao!"

"Nisamehe, mwanangu. Nilitaka nitoke nje nikuone."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na halikusikika. Gundi alimpita, akachukua sahani iliyokuwa mezani, akala akiwa amesimama, kwa haraka, kwa hasira, mpaka akaimaliza. Mama yake alitazama kila tonge likiingia kinywani. Alipomaliza aliweka nguo zake kwenye begi, akambusu mama yake, akatoka. Kwa baba yake hakugeuka. Sonara alibaki kwenye kigoda akijiambia kwamba mtoto amekula, mtoto amekula.

Chama cha mpira kilimwondoa kwa barua ya adabu, kikanunua mashine. Wachumba nao waliacha kuja. Nani atampa pete yake mtu anayeandika jina mapema, ndoa ife kabla ya harusi? Alibaki na kazi za kuunga vishikizo na kutengeneza miwani. Hakulalamika, na mkewe alipolalamika kwa niaba yake, alimkumbusha kiapo.

Gundi alisajiliwa na timu ya mbali. Alidaka vizuri kuliko zamani. Waandishi wa michezo walisema ana utulivu wa ajabu, kama mtu asiyejua kujilaumu. Mzee alilisoma hilo gazetini akatabasamu, kisha akaenda uani akakaa peke yake. Baadaye kijana alichaguliwa timu ya taifa, na mwaka mmoja alilichukua Kombe akiwa nahodha wa timu yake ile ya mbali. Sonara alisikiliza redioni. Mtangazaji alieleza jinsi lilivyonyanyuliwa, na yeye alifumba macho akijaribu kuliona. Mama alikuwa amesafiri kwenda uwanjani. Aliporudi alimweleza yote, alivyokuwa amesimama, alivyocheka, na kila alipofika mwisho Sonara alimwomba aanze tena.

"Aliniulizia?" aliuliza.

"Aliuliza kama nyumba inavuja," alisema mkewe, ambaye hakujua kudanganya.

Nyumba haikuwa ikivuja. Mama ndiye aliyekuwa akiisha. Ugonjwa ulimshika kifua, akalazwa, akarudi, akalazwa tena. Gundi alikuja hospitalini siku ambazo baba yake hayupo. Wauguzi walijua ratiba yao na kuilinda. Alikuwa amestaafu kucheza, anafundisha makipa wachanga, ana mke na watoto ambao Sonara aliwafahamu kwa picha. Siku mama alipofariki, alikuwa ameshikwa mkono na mwanawe.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, Sonara alikuwa karakanani kwa sababu vyumba vingine vyote vilikuwa vya mkewe. Gundi aliingia. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvi zimeanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Walizungumza juu ya viti vya kurudisha kwa jirani. Kisha Gundi akasema, akitazama sakafu, "Mama aliniomba kitu. Alinishika mkono, akasema, msamehe baba yako. Nikamwambia sawa, mama, nitamsamehe. Nilidhani atafurahi." Alifikicha macho. "Akalia, baba. Alilia kupita kiasi, akawa anataka kusema kitu na hasemi. Sijui kwa nini."

Sonara alijua kwa nini. Aliushika ukingo wa meza.

"Nimekaa na hasira muda mrefu," Gundi aliendelea. "Sasa nina watoto, naona mzazi anavyoweza kukosea kwa kupenda. Ule mpira nilikuwa nimeudaka. Vijana wangu huniuliza, nawaambia: siku ile mikono yangu haikukosea, kuna vitu vingine vilivyo nje ya uwezo wa kipa. Hilo ndilo lililonisimamisha. Bila hilo, sijui leo ningekuwa wapi."

Mzee alifungua kinywa. Mkewe, aliyekuwa ameapa kuitunza siri, hakuwepo tena. Neno lilikuwa pale ulimini, fupi, na baada ya neno hilo angempata mwanawe, au angempoteza kwa namna nyingine. Aliitazama mikono iliyokuwa magotini mwa Gundi, mikubwa, mizima, kucha zimekatwa fupi.

"Haikukosea," alisema. "Nilikosea mimi."

"Basi nimekusamehe, baba."

"Asante, mwanangu."

Kisha yakamshinda. Alilia kwa sauti, kilio cha mkewe na cha miaka yote ile, mabega yakimtikisika. Mwanawe alidhani anajuta. Akasogeza kiti, akamshika bega kwa upole, akamwambia, "Basi, baba. Yamekwisha."